Mgombea Binafsi Tanzania: Mahakama mbele ya Bunge

Sifa za mgombea hutajwa na katiba, lakini mipaka yake hupimwa mahakamani. Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila linadhihirisha hilo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Tanzania, ikizingatia haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi chini ya Ibara ya 21 ya Katiba, iliruhusu mgombea asiye na chama. Mwaka huohuo Bunge liliirekebisha Katiba na kusisitiza sharti la uanachama. Mahakama Kuu ilirejea msimamo wake mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliutengua, ikieleza kuwa mahakama haina mamlaka ya kubatilisha ibara ya Katiba na kwamba suala hilo la kisiasa ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kuwa sharti hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Hata hivyo, chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi. Kenya, kwa upande wake, imeitaja haki hiyo waziwazi katika Ibara ya 85 ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo, hukumu yaweza kuitambua haki ya kugombea. Kuitekeleza hubaki mikononi mwa wenye mamlaka ya kurekebisha katiba.