Kabla ya kupunguza tumbo hospitalini, jifunzeni kula upya nyumbani

Wiki ya nne baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito jijini Dar es Salaam, mama mmoja muuza vitenge wa hapa Kasulu alikwenda Kibondo kumsalimia mama mkwe wake. Wakati huo alikuwa bado anakula vyakula laini vilivyopondwa. Mama mkwe hakujua habari za upasuaji. Alichokiona ni mkwe aliyekonda ghafla.

"Mkwe wangu, umekuwaje hivi? Huko Dar hawakukupa chakula?"

Ugali wa muhogo ulikuwa umeshasongwa, na migebuka ikapakuliwa na mchuzi wa mawese. Mgeni akaona aibu kukataa. Akala matonge manne, akayameza kama alivyozoea tangu utotoni.

Usiku ule alianza kutapika. Kesho yake kila alichokunywa kilirudi. Alirudi Kasulu akajifungia ndani, akiamini kutapika ni kawaida kwa mtu aliyepunguzwa tumbo. Alipoletwa kwangu, siku ya kumi, macho yalikuwa yameingia ndani, miguu imekufa ganzi na hawezi kutembea bila kushikwa mkono. Alikuwa amepungukiwa maji, na pia vitamini B1 ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kukaa bila hiyo. Tulimtibu, akapona polepole. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina.

Upasuaji wenyewe ulikuwa umefanyika vizuri. Kosa lilitokea nyumbani, na sehemu ya kosa hilo ni yangu. Kabla hajasafiri nilikuwa nimemfundisha namna mpya ya kula, lakini nilimfundisha peke yake. Sikuwahi kumwita mumewe, wala kumuuliza ni nani mwingine anayempikia.

Nani anahitaji upasuaji huu?

Siku hizi si lazima kwenda India kupata huduma hii. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni na pia inafanya upasuaji wa kupunguza tumbo. Ndiyo maana hata huku kwetu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, naulizwa habari zake kliniki.

Upasuaji si wa kila mtu mwenye kitambi. Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mama mwenye kilo 104 na urefu wa mita 1.58 anapata 41 na ushei. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye 35 au zaidi, na inasema ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34 ambaye ana ugonjwa kama kisukari na amejaribu njia nyingine bila mafanikio.

Upasuaji unaofanyika zaidi huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo. Kinachobaki ni mfuko mwembamba kama ndizi, ambao mwanzoni hujaa kwa kiasi cha nusu kikombe cha chai. Njaa nayo hupungua, kwa sababu sehemu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni inayoamsha njaa. Wengi hupungua takriban robo ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na kisukari na shinikizo la damu mara nyingi hutulia.

Wagonjwa huniuliza, "Daktari, tumbo likishakuwa dogo si nitakula kidogo tu, nitake nisitake?" Hapana. Soda, uji wenye sukari nyingi, juisi na pombe ya ndizi hupita kwenye mfuko huo bila kizuizi chochote. Pia njaa hurudi taratibu baada ya mwaka au zaidi. Mtu ambaye kufikia hapo hajajenga mazoea mapya huanza kunenepa tena, na wapo waliorudisha sehemu kubwa ya uzito walioupoteza.

Kabla: anza na daftari

Nawaomba wagonjwa wangu waanze kujifunza angalau miezi mitatu kabla ya safari. Kazi ya kwanza ni kuandika kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba. Mama niliyemtaja alikuja na daftari linaloonyesha milo mitatu ya kawaida kabisa. Nilipomuuliza zaidi, ikabainika hakuandika maandazi mawili ya asubuhi pale dukani, soda anayonunuliwa na wateja, mchuzi anaoonja wakati wa kupika, wala ugali unaobaki kwenye sahani za watoto, ambao humalizia ili usitupwe. Hivyo havikuonekana kwake kuwa chakula.

Kazi ya pili ni kutafuna. Huku kwetu tonge la ugali wa muhogo wengi hatulitafuni, tunalibonyeza kwenye mchuzi na kulimeza. Tumbo kubwa linavumilia. Tumbo lililopunguzwa linaziba, kwa sababu muhogo unanata na kushikamana. Anza sasa kukata tonge dogo kama punje ya karanga, utafune mara 20 hadi 30, na mlo wako uchukue nusu saa. Watu wananiambia hili ni gumu kuliko kuacha soda.

Kazi ya tatu ni kutenganisha maji na chakula. Usinywe wakati wa kula. Subiri nusu saa baada ya mlo. Kisha kunywa kidogo kidogo siku nzima, mpaka ufike lita moja na nusu au zaidi. Wakulima na wafanyabiashara wengi hunywa maji mengi kwa mkupuo mmoja jioni. Tumbo dogo haliwezi hivyo, kwa hiyo jizoeze kutembea na chupa.

Wiki mbili za mwisho, madaktari wengi hukutaka upunguze sana wanga na mafuta ili ini linywee, maana ini lililojaa mafuta humzibia njia daktari wa upasuaji. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usianze mlo huo kabla dozi yako haijarekebishwa. Ukipunguza chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ukazimia.

Baada: hatua kwa hatua

Hospitali itakupa ratiba yake, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida hatua ni hizi.

Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu: maji, supu ya samaki au kuku iliyochujwa, maziwa, mtindi mwepesi, uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa kama chakula cha mtoto anayeanza kulishwa: maharage yaliyochujwa maganda, yai laini, samaki aliyesagwa, viazi vilivyopondwa na maziwa. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini visivyosagwa. Baada ya hapo unarudi taratibu kwenye chakula cha familia, kwa kiasi kidogo. Ugali wa muhogo uwe miongoni mwa vya mwisho kabisa kujaribiwa, na uanze na tonge moja.

Kwenye kila mlo anza na protini, kisha mboga, wanga mwishoni. Tumbo likijaa kabla hujafika kwenye ugali, acha. Lengo ni angalau gramu 60 za protini kwa siku, la sivyo mwili utakula misuli yake. Ukanda wetu hauna shida ya protini kwa anayejua kuipanga. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, kipande cha mgebuka chenye ukubwa wa kiganja gramu 20, maharage nusu kikombe gramu 7. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wakioshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa, vijiko vichache vya unga wao kwenye uji vinafanya kazi kubwa.

Mawese si sumu. Yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ila kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kwa jicho. Sombe nayo ni nzuri ikiwa imetwangwa na kuiva sawasawa.

Kitu kitamu sana kinaweza kukuletea jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kizunguzungu, hasa kwa waliounganishiwa utumbo. Asali ya Kibondo, pamoja na sifa zake zote, ni sukari pia.

Vidonge, mimba na dawa za dukani

Tumbo dogo haliwezi kupata vitamini zote kutoka kwenye chakula. Vidonge vya vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na B12 ni vya maisha yote. Kabla hujaondoka Dar es Salaam ulizia utavipata wapi ukiwa Kasulu au Kibondo, na weka bajeti yake. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Kina mama, uzito ukipungua mimba hushika kwa urahisi zaidi, hata kwa aliyehangaika miaka mingi. Subirini miezi 12 hadi 18, na mtumie njia ya uzazi wa mpango mtakayoshauriwa, kwa kuwa vidonge vinaweza visifanye kazi vizuri baada ya baadhi ya upasuaji huu.

Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo tunazinunua dukani kama pipi, zinaweza kutoboa tumbo lililopunguzwa. Mwambie muuza dawa kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo. Pombe hulevya haraka na kwa kiasi kidogo kuliko zamani.

Usisubiri siku ya kumi

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, kinyesi cheusi, au maumivu ya kifua na kushindwa kupumua. Ukitapika kwa siku moja bila kuweza kunywa maji, nenda. Ukihisi ganzi miguuni, kuona vitu viwiliviwili au kuyumba, nenda haraka, na umwambie mhudumu umefanyiwa upasuaji gani. Mgonjwa wa namna hii anapaswa kupewa vitamini B1 kabla au pamoja na dripu ya sukari, kwa sababu sukari peke yake inaweza kumzidishia tatizo. Beba barua ya hospitali popote unapokwenda. Mhudumu wa zahanati ya kijijini huenda hajawahi kumwona mgonjwa kama wewe.

Sinia moja, mahitaji tofauti

Huku kwetu tunakula pamoja, na hilo ni jambo jema. Lakini anayekula taratibu kwenye sinia la watoto sita ama atabaki bila kitoweo, ama atalazimika kukimbizana nao. Mpeni sahani yake ndogo, akae palepale na wenzake.

Wazazi, mlo wa mgonjwa huyu si mlo wa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na zipo nyumba ambazo mama ana uzito uliopitiliza huku mtoto wake amedumaa. Mtoto anahitaji wanga wake, mafuta yake na kitoweo cha kutosha. Unga wa dagaa unaomfaa mama kwenye uji unamfaa na mtoto aliyeanza kula. Kwa mtoto mnene, msimnyime chakula wala kumcheka. Ondoeni soda na biskuti nyumbani kwa wote, mwacheni acheze, na mleteni apimwe.

Linabaki la maneno ya watu. Kwetu kukonda bado kunasomwa kama ugonjwa au ndoa yenye shida. Mama wa vitenge aliniambia hofu ya kusemwa kwamba "ameungua" ndiyo iliyomfanya afiche, na kuficha ndiko kulikomfanya ale yale matonge manne. Alipotoka wodini tulikaa kikao kidogo: yeye, mumewe, na mama mkwe aliyekuja kutoka Kibondo. Mama mkwe alilia. Kisha akaniuliza, "Daktari, sasa nimpikie nini?"

Tulitumia saa nzima kulijibu swali hilo. Siku hizi akienda Kibondo anakuta maharage yamechujwa na mgebuka umetolewa miiba.

Kama unafikiria upasuaji huu, anza daftari lako leo. Na siku ya kuja kliniki, njoo na yule anayepika nyumbani kwako.