Mbwa anatoka mate: ni buibui ao ni raje?



Mbwa anatafuta kila kitu kwa pua. Anafukua shimo, anaingiza mudomo katika lundo la kuni, mahali ambapo sisi hatutii hata kidole. Ndiyo maana yeye anakutana na buibui mbele yetu. Iko buibui mukubwa wa manyoya, anayekaa katika shimo. Iko tena mudogo wa rangi ya udongo, anayejificha chini ya mbao na vyombo vya zamani. Mayai yake yanakaa katika kifuko cha mviringo chenye miba midogo midogo. Akimuuma mbwa, ni mara nyingi kwa pua ao kwa muguu. Mbwa analia, pua inavimba, mate inatoka. Hii inakuja upesi, siku ile ile.

Lakini raje, ule wazimu wa mbwa, inatosha mate vilevile.

Mama mumoja alituletea kijana wake wa miaka saba. Mutoto aliogopa maji, hakuweza kumeza. Tukauliza juu ya mbwa. Mama akajibu: “Hapana, muganga, mbwa yetu haikuuma mutu. Ilikuwa na buibui katika mudomo tu.” Mbwa alikuwa anakohoa kama mwenye mufupa katika koo, na mutoto, kwa huruma, akatia mukono amutoshe ule buibui. Meno yakakwaruza vidole kidogo. Siku ya tatu mbwa akakufa, wakamuzika. Majuma sita yakapita. Hatukuwa tena na dawa ya kumuponyesha mutoto yule. Mama yake hakuwa mujinga: raje inalegeza taya na koo la mbwa, na kila mutu anafikiri kitu kimemukwama.

Basi, mbwa akitoka mate, usitie mukono katika mudomo wake, hata kama wewe mwenyewe uliona buibui. Ondoa watoto, umufungie ndani ya lupango bila kumugusa, uite muganga wa wanyama. Mbwa wa raje kwa kawaida anakufa mbele ya siku 10. Akikufa, musimuchune kwa nyama.

Kama mate imegusa kidonda, ao meno yamekwaruza ngozi, osha paka pale na sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Ikiwa hauna saa, imba nyimbo tatu za ibada, vipande vyote, bila haraka. Kwa macho, maji safi tu. Kisha kuja hospitali siku ile ile, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Shindano za raje zinafaa mbele ugonjwa haujaanza. Ukianza, karibu kila mutu anakufa. Mara nyingi unajificha mwezi mumoja mpaka mitatu, kwa hiyo usiache shindano katikati kwa sababu mutoto anacheza muzuri.

Na buibui akimuuma mutoto? Osha, weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje, usifunge kamba. Jiwe nyeusi halivute sumu. Akitoka jasho sana, ao tumbo likikaza, mulete upesi.

Mbwa apate shindano ya raje kila mwaka. Siku ya kumuleta, mutu mukubwa ashike kamba, si mutoto.