Je, Wajua? Siri za Fukwe Zilizobaki Tulivu

Msimu wa wageni ukifika, Nungwi, Zanzibar, hapapitiki kwa watu. Hata hivyo mwambao wa Tanzania bado una mahali pengi ambapo sauti kubwa ni ya mawimbi. Kila mahali pana sababu ya utulivu wake, na msafiri anayeijua hufaidi zaidi na huharibu kidogo.

Je, wajua kwamba kuna kisiwa kinachozama na kuibuka?
Maziwe, mbele ya Pangani, kiliwahi kuwa na miti ya mivinje. Leo hakina mti hata mmoja: ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa sana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufikia takriban mita 4. Ndiyo maana saa ya safari huamuliwa na nahodha. Kasa nao bado hutaga hapo, na walinzi wa vijijini huhamishia mayai Ushongo, bara, yasizamishwe.

Je, wajua kwamba taa moja huweza kumpoteza kasa mchanga?
Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina tembo, twiga na simba, na mpaka wake wa mashariki ni Bahari ya Hindi. Katika ufukwe wake wa Madete kasa hutaga usiku. Watoto wao wakianguliwa hukimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni baharini. Taa ikiwashwa ufukweni, huelekea nchi kavu na kufa. Ukilala huko, zima taa.

Je, wajua kwamba samaki mkubwa kuliko wote duniani ni mkazi wa Mafia?
Kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huogelea karibu na Kilindoni wakila viumbe wadogo wanaoelea majini. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huhama wote. Watafiti waliowafungia vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti waligundua kwamba wengi hubaki jirani, ila mbali kidogo na pwani. Kusini mwa kisiwa kuna Hifadhi ya Bahari ya Mafia ya mwaka 1995, ya kwanza nchini.

Je, wajua kwamba sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia?
Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za shaba katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Baadaye tano kati yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu. Leo utachukua kibali Kilwa Masoko, uvuke kwa mashua hadi kisiwani ulikokuwa mji huo, kisha utembee kwenye magofu ya Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, mara nyingi bila kukutana na kundi lolote la watalii.

Je, wajua kwamba ufukwe wa Vumawimbi unalindwa na msitu?
Huko kaskazini mwa Pemba, njia ya kwenda ufukweni hupita katikati ya msitu wa Ngezi. Pemba pia ndiko anakoishi popo mkubwa asiyepatikana kwingine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kwa kuwindwa. Vijiji kama Kidike vilipoamua kumlinda, aliongezeka kwa maelfu.

Je, wajua kwamba Chumbe ina nyumba saba tu za wageni?
Kisiwa hiki kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar kina mnara wa taa wa mwaka 1904. Kwa miaka mingi uvuvi ulizuiwa upande wake wa magharibi kwa kuwa ni njia ya meli, na matumbawe yakanusurika. Mwaka 1994 eneo hilo likawa hifadhi. Wageni hupokewa wachache, na maji ya kuoga hukingwa mvua inaponyesha.

Chumbe na Kidike vinatufunza jambo moja: si lazima utulivu utokane na ubovu wa barabara. Watu wanaweza kuuchagua na kuulinda. Basi ukienda, lipa ada ya hifadhi, ajiri nahodha wa kijijini, kula kwa mama lishe wa hapo, na usiguse tumbawe wala yai. Hapo wenyeji watakuwa na sababu ya kuendelea kuulinda.