Mgeni wa Mji Si Lazima Awe Msafiri: Swala ya Anayepanda Gari Kila Siku Nyashimo

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo: wapo vijana wetu wa Unguja, Pemba na Mafia wanaopata kazi au biashara bara, mbali na pwani. Tuchukue mfano wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ziwa Victoria. Anayehamia hapo hutegemea haisi na mabasi: leo Lamadi, kesho Magu, siku nyingine Mwanza au Bariadi. Je, kwa kuwa yuko ugenini na njiani kila siku, apunguze Swala?

Ugeni ni kitu kimoja, safari ni kingine

Ruhusa ya kupunguza Swala, iliyotajwa katika Suratun-Nisaa aya ya 101, ni ya msafiri. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi visiwani, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena. Kwa Mahanafi ni siku 15. Basi aliyekwenda Nyashimo kufanya kazi mwaka mzima huswali rakaa nne kama wenyeji tangu anapofika, hata kama hajui jina la mtaa wa pili.

Safari za kila siku

Masafa ya safari ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa sasa wamezikadiria kuwa kilomita 80 na ushee, kwenda tu bila kuhesabu kurudi. Safari ya Lamadi au Magu haifiki hapo: hakuna kupunguza wala kukusanya kwa sababu ya safari. Mwanza haiko mbali na mpaka huo, kwa hiyo hesabu kilomita zako kuanzia nyumba za mji zinapoishia, usikisie. Masafa yakitimia, Adhuhuri na Alasiri hukusanywa, na Magharibi na Isha vilevile. Anayechelewesha anuie kukusanya kabla wakati wa Swala ya kwanza haujatoka, na aziswali zote mbili kabla hajaingia tena Nyashimo, kwani akishaingia ruhusa imekwisha.

Ndani ya gari

Al-Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiswali sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, lakini kwa faradhi akishuka na kuelekea Qibla. Kwa hiyo swali kabla ya kupanda ikiwa wakati umeingia. Haisi husubiri kujaa, basi muulize konda gari inaondoka saa ngapi. Ukiwa njiani na wakati unakaribia kutoka, mwombe dereva kwa adabu asimame. Akikataa, swali kwenye kiti kama unavyoweza kwa kuheshimu wakati, kisha uirudie ukishuka.

Saa na Qibla

Hapa ndipo wengi huteleza. Saa ya ukutani ni moja Tanzania nzima, lakini jua si moja. Nyashimo iko magharibi ya Unguja kwa kiasi ambacho jua huchelewa huko dakika 20 hivi. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Zanzibar amekula kabla jua halijazama alipo, na funga yake imeharibika. Anayeswali Alfajiri kwa ratiba ya Unguja huenda akaswali kabla ya wakati, na Swala hiyo haikusihi. Tumia ratiba ya Simiyu au Mwanza. Qibla nacho: Unguja tunaelekea kaskazini takriban moja kwa moja, Nyashimo unapinda kidogo kulia, upande wa mashariki.

Kwa dada zetu

Bodaboda ndiyo rahisi kupatikana, lakini humbananisha mwanamke na mwanamume asiye maharimu wake. Penye haisi au bajaji, hizo ni bora, na akae na wanawake wenzake. Safari ndefu, kama ya kurudi nyumbani visiwani, afuatane na maharimu.

Kwa wazazi

Kisiwani adhana humfuata mtu hadi sokoni. Kwenye barabara ya Musoma anaweza kupita vijiji vingi asiisikie. Basi mtoto akipiga simu wiki ya kwanza, pamoja na kumuuliza amekula nini, muulizeni: umepata msikiti? Unatumia ratiba ya wapi? Unaswali rakaa ngapi? Na mkumbusheni dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na 14.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.