Kwa nini kujitolea katika makao ya watoto kunatiliwa shaka

KWA miaka mingi vijana kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakifunga safari hadi Migori na Homa Bay kujitolea katika makao ya watoto kwa majuma machache. Nia yao ni njema. Ila mtoto akishamzoea mgeni, mgeni huondoka na mwingine huja.

Makao mengi yalichipuka Ukimwi ulipowaua wazazi wengi katika eneo la Nyanza. Hata hivyo, wengi wa watoto walio humo wana mzazi aliye hai, nyanya au shangazi. Aghalabu kilichowatoa nyumbani ni umaskini: wanapelekwa ili wapate chakula na karo.

Ndiposa serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mnamo Novemba 2017, na mnamo 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto kwa jamaa zao au kwa walezi. Mpango wa kuzipa pesa kaya maskini zinazolea mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2004, hutoa Sh2,000 kwa mwezi. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja hushinda kiasi ambacho nyanya anayelea wajukuu Ndhiwa au Rongo hupata humo kwa mwaka mzima.