Maswali Kabla ya Kisu: Mwanasaikolojia Anatafuta Nini kwa Anayetaka Kupunguza Uzito?

Anayetaka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hupimwa damu, moyo na sukari, na tumbo lake huchunguzwa kwa kamera. Kisha huambiwa amebakiza chumba kimoja, cha mwanasaikolojia. Wengi huingia humo wakihofia kwamba wakijibu vibaya watanyimwa upasuaji, hivyo baadhi huficha mambo. Lakini wanaoficha huweza kujinyima msaada watakaouhitaji baadaye.

Utaratibu huu ulipata nguvu Marekani. Mwaka 1991, jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo lilipendekeza upasuaji kwa wenye BMI (kipimo cha uwiano wa uzito na urefu) ya 40 na kuendelea, au 35 kwa walio na maradhi makubwa yanayohusiana na unene. Lilitaka pia mgonjwa achunguzwe na timu yenye wataalamu wa upasuaji, tiba, lishe na afya ya akili. Vigezo vya uzito vililegezwa mwaka 2022, lakini suala la afya ya akili halikuondolewa.

Maswali yenyewe ni ya kawaida. Unapokuwa na huzuni au hasira, unakula nini? Je, hutokea ukaanza kula ukashindwa kuacha hata baada ya kushiba? Unakunywa pombe kiasi gani? Umewahi kutibiwa sonona? Nyumbani nani atakusaidia? Unatarajia upasuaji ubadilishe nini: sukari yako, au ndoa yako?

Swali hilo la mwisho lina sababu. Katika upasuaji wa kukatiza njia ya chakula, daktari hutenga sehemu ya juu ya tumbo ikawa kifuko cha takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Mgonjwa atatafuna taratibu, atatenganisha chakula na maji, na atameza vitamini maisha yake yote. Anayedhani kisu kitamaliza kila kitu hajajiandaa kwa maisha hayo.

Je, majibu hayo hutabiri nani atapungua? Mwaka 2016, jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi. Miongoni mwa walioomba au kufanyiwa upasuaji, asilimia 19 walikuwa na sonona na asilimia 17 walikuwa na tatizo la kula kupita kiasi. Hata hivyo, hapakupatikana ushahidi ulio wazi kwamba matatizo hayo kabla ya upasuaji yaliamua nani apungue na nani asipungue. Sonona yenyewe mara nyingi ilipungua baada ya upasuaji.

Matokeo hayo yana maelezo. Mwenye hali mbaya sana huahirishiwa upasuaji, hivyo hahesabiki kati ya waliopasuliwa. Mwingine huficha ukweli. Zaidi ya hayo, upasuaji hubadilisha homoni za njaa na shibe, na katika mwaka wa kwanza karibu kila mtu hupungua, awe mtulivu au mwenye msongo.

Tatizo hujitokeza baadaye. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa 361 kwa miaka miwili. Kushindwa kujizuia kula kabla ya upasuaji hakukutabiri matokeo. Kushindwa kujizuia baada ya upasuaji ndiko kulikoendana na kupungua kidogo. Kwa tumbo dogo, tabia hiyo hubadilika sura. Mtu hawezi tena kumaliza sinia la pilau, lakini anaweza kudokoa biskuti na karanga mchana kutwa, au kunywa soda na kula aiskrimu, ambavyo hupita bila kizuizi.

Pombe nayo ina hatari yake. Baada ya njia ya chakula kukatizwa, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi. Utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha wagonjwa 1,945 ulionyesha kuwa matumizi mabaya ya pombe yalikuwa asilimia 7.6 katika mwaka uliotangulia upasuaji, na yalifikia asilimia 9.6 mwaka wa pili baada yake. Hatari si pombe tu. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliofuatilia watu 8,815 walikuta matukio ya dharura ya kujidhuru yakiongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji, mengi yakitokea mwaka wa pili na wa tatu. Hata dawa za akili huweza kufyonzwa tofauti. Kiwango cha lithiamu, kwa mfano, kinaweza kupanda hadi kuwa sumu.

Basi kazi kubwa ya tathmini ni kujua nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu, lini, na kwa jambo gani, kuliko kutabiri kilo. Kwa hospitali zetu zinazotoa huduma za kupunguza uzito, ikiwemo Mloganzila ya Dar es Salaam inayoweka puto tumboni, mahojiano ya siku moja hayatoshi. Miadi ya mwanasaikolojia iendelee angalau hadi mwaka wa tatu, pamoja na ile ya lishe.

Nawe unayejiandaa kwa upasuaji, sema ukweli katika chumba kile. Kwa kawaida, sonona au ulaji usiodhibitika hutibiwa kwanza, kisha upasuaji hupangwa. Ukificha, utakabiliana na matatizo hayo peke yako mwaka wa pili, wakati pongezi zimekwisha na mizani imeacha kushuka.