Bunia: Kifaru cha mezani, namna ya kukijenga kwa mara ya kwanza

BUNIA – Mtoto wa Bunia hahitaji kitabu ili ajue blende ni nini. Magari ya chuma yamepita mbele ya milango ya nyumba zao kwa zaidi ya miaka 20, yenye rangi nyeupe ao ya kijani, ya matairi ao ya minyororo. Ndiyo sababu mikono ya watoto inapokamata waya na kopo la nyanya, kinachotoka ni gari, na mara nyingine gari lenye mzinga.

Katika nchi nyingi kazi hiyo ni burudani ya watu wazima pia. Wananunua kasha lenye vipande vya plastiki, wanakata, wanabandika kwa kole, wanapaka rangi, hadi kifaru kizima kinasimama juu ya meza kikiwa na urefu wa kiganja. Kazi hiyo inafundisha hesabu, uvumilivu na usafi wa mkono. Makala hii inaeleza namna ya kuanza, uwe na kasha la plastiki ao huna. Inaeleza pia mambo mawili ambayo mtu wa Ituri anapaswa kujua mbele ya kuanza, kwa sababu hapa kwetu chuma cha vita si hadithi.

Kwa nini kuanza na kifaru

Wajenzi wenye mazoea huwashauri wanaoanza wachague kifaru mbele ya ndege ao gari dogo la kifahari. Sababu ni rahisi. Gari la kifahari linataka rangi inayong'aa bila doa hata moja, na ndege inataka vioo safi na mabawa yaliyonyooka. Kifaru ni chombo cha matope. Alama ya kole ikibaki, vumbi litaifunika, na rangi isipolingana, itaonekana kama gari lililochomwa na jua.

Kwa mtu wa Bunia kuna mifano miwili iliyo karibu na macho yake. Wa kwanza ni BTR-80, gari la chuma la matairi manane lililotengenezwa Urusi, ambalo walinda amani wa Bangladesh walilitumia Ituri likiwa limepakwa rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa. Wakaaji wanakumbuka miezi ya 2003: mapigano ya mwezi wa tano, kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kuanzia mwezi wa sita, kisha brigedi ya MONUC iliyochukua nafasi yake mwezi wa tisa. MONUC iligeuka MONUSCO tarehe 1 Julai 2010, lakini magari meupe yalibaki.

Mfano wa pili ni T-55, kifaru cha kweli cha minyororo, chenye uzito wa tani 36, askari 4 ndani na mzinga wa milimita 100. Jeshi la FARDC lilikuwa nacho kwenye mapigano na M23 huko Kivu Kaskazini mwaka 2012 na 2013.

1/35 maana yake nini

Kwenye kasha utaona namba 1/35. Maana yake, kila sentimita 35 za chombo halisi zinakuwa sentimita 1 mezani. Mtu wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5. BTR-80 yenye urefu wa mita 7.65 inakuwa na karibu sentimita 22. Mwili wa T-55 wenye mita 6.45 unakuwa na sentimita 18 na nusu hivi, bila kuhesabu mzinga.

Namba hiyo ya ajabu haikutoka jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyokuwa imeanza kama kiwanda cha mbao, ilitaka kutengeneza kifaru cha Kijerumani kinachoitwa Panther, kitembee chenyewe kwa mota ndogo na batri. Wakakata mwili wa kifaru kwa kipimo kinachotosha kuingiza batri hizo. Walipopima baadaye, wakakuta ni 1/35. Viwanda vingine vikafuata. Tushike jambo hilo, litatusaidia mbele: kipimo kinaweza kutoka kwenye kitu ambacho huwezi kukibadilisha.

Kasha kama hilo si bidhaa ya kawaida ya soko la Bunia. Anayelitaka ataliagiza kwa mtu anayesafiri Kampala, Nairobi, Dubai ao Ulaya. Huko Ulaya makasha mengi ya 1/35 yanauzwa kati ya dola 20 na 60. Mwenye kuanza achague lenye vipande vichache. Kasha la vipande 800 linavutia macho, lakini wengi huliacha katikati.

Hatua kwa hatua

Vipande vinakuja vimeshikamana kwenye fremu za plastiki. Kwanza osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uache zikauke. Kiwandani plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta kidogo, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Usivunje vipande kwa vidole. Kata kwa kikata kucha chenye meno makali, mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa wembe na msasa laini. Kata kipande pale tu unapokihitaji. Ukikata vyote siku ya kwanza, namba zilizo kwenye fremu zitapotea na hutajua kipi ni kipi.

Kila kipande kijaribu bila kole mara ya kwanza. Kikikataa kuingia, tafuta sababu, usikilazimishe. Kole ya plastiki haifanyi kazi kama kole ya karatasi. Inayeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki ili ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo tone dogo linatosha, na kole nyingi inaharibu. Kole kali ya haraka inayouzwa kwenye butiki za mji inafaa kwa chuma na mpira, lakini haikupi nafasi ya kurekebisha.

Anza na sehemu ya chini: mwili, kisha matairi. Kwenye T-55 kuna matairi 5 kila upande, na nafasi kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko nafasi zingine. Anayekijua kifaru hicho anakitambua kwa alama hiyo. Tena, T-55 haina magurudumu madogo ya kubeba mnyororo upande wa juu. Mnyororo unalala juu ya matairi yenyewe. Mnyororo wa mpira ulio ndani ya kasha hupenda kusimama kama kamba iliyovutwa, na hapo kifaru kinaonekana cha kuchezea. Ushikishe kwa tone la kole juu ya matairi ya katikati, uonekane mzito.

Fanya kazi hii mchana, karibu na dirisha. Mwanga wa mshumaa unadanganya macho, na kuna hatari kubwa kuliko hiyo: kole na dawa za kuyeyushia rangi hushika moto haraka. Zisikae karibu na mshumaa, taa ya mafuta ao mbabula ya makala. Mvuke wake pia unaumiza kichwa kwenye chumba kilichofungwa. Fungua dirisha, na watoto wadogo wasishike chupa hizo wala wembe.

Rangi na vumbi la Ituri

Rangi inapita kwa tabaka nyembamba. Tabaka mbili nyepesi, ukingoja ya kwanza ikauke, ni bora kuliko moja nzito inayofunika misumari na mistari midogo. Rangi ya msingi ikikauka, chukua rangi nyeusi ao ya kahawia iliyochanganywa na maji mengi ao dawa yake, uipitishe kwenye kona na mistari. Itaingia kwenye mashimo na kuonyesha kila kona. Baadaye chukua brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi, uguse migongo ya vyuma tu.

Kwa alama za rangi iliyobanduka, kata kipande cha sponji la godoro, kichovye kwenye rangi ya kahawia nzito, ukifute kwenye karatasi, kisha gusa ncha za milango na ngazi, mahali ambapo mabuti ya askari hupita. Usiguse kila mahali.

Hapa mjenzi wa Bunia anawapita wengine. Watu wa Ulaya wananunua unga wa vumbi kwenye vikopo. Sisi tunao barabarani. Chota vumbi jekundu, lichuje mara mbili kwa kitambaa chembamba, ulipake chini ya mwili na kwenye minyororo. Changanya na kole nyeupe ya karatasi na maji, utapata matope ya mwezi wa mvua. Makala yaliyosagwa yanakuwa moshi wa mdomo wa bomba la injini. Gari jeupe la ONU linataka busara zaidi: vumbi jingi chini, kidogo katikati, karibu hakuna juu.

Bila kasha: kipimo kinatoka kwenye kizibo

Asiye na dola za kasha asikate tamaa. Kitu kigumu kutengeneza kwa mkono ni magurudumu, maana yanapaswa kuwa ya duara na kulingana yote. Basi tuanze nayo, kama Tamiya walivyoanza na batri. Kizibo cha plastiki cha chupa ya maji kina upana wa karibu sentimita 3. Tairi la T-55 lina karibu sentimita 81. Gawanya 81 kwa 3, unapata 27. Kifaru chako kitakuwa cha 1/27.

Sasa kila kipimo kigawanye kwa 27. Mwili wa sentimita 645 unakuwa karibu 24. Upana wa 327 unakuwa 12. Kimo cha 240 kinakuwa karibu 9. Kila mnyororo una upana wa sentimita 58, yaani 2 hivi, kwa hiyo sanduku la katikati litakuwa na upana wa sentimita 8. Mzinga unapita pua ya mwili kwa zaidi kidogo ya sentimita 9.

Mwili utoke kwenye kartoni ngumu ya sanduku, tabaka mbili zilizobandikwa pamoja. Vizibo 10 vinatosha kwa matairi ya pande zote mbili. Minyororo iombe kwa fundi kwado: mpira wa ndani wa tairi la pikipiki uliotobolewa, ukatwe ukanda wa sentimita 2. Kichwa cha T-55 ni cha mviringo kama bakuli lililopinduliwa, kwa hiyo kitako cha chupa ya plastiki ao kibuyu kidogo kinafaa. Kijiti cha bonboni ya kunyonya kinakuwa mzinga. Uzi wa waya wa umeme unakuwa vishikio vya askari. Kopo la bati likikatwa, pinda kingo zake kwa koleo ili zisikate mtu.

Chuma kisichoguswa

Jambo la kwanza la kujua linatoka hapo. Mtoto anayetafuta bati na waya anaweza kukuta kitu kingine. Kwenye maeneo ya mapigano ya Djugu, Irumu, Mambasa na hata kandokando ya mji, risasi, gruneti na vipande vya roketi vinaweza kubaki ardhini kwa miaka. Kutu haiui bomu. Anayeona chuma asichokifahamu asikiguse, asikitupie jiwe, asikichome. Arudi kwa njia aliyojia, akumbuke mahali, amwambie mtu mzima ili mkubwa wa mtaa, polisi ao timu za kuondoa mabomu waarifiwe. Mzazi anayemtuma mtoto kutafuta vyuma vya kuuza kwa kilo ayajue hayo pia. Vifaa vya kifaru cha mezani vitoke jikoni, butikini na kwa fundi kwado, visitoke porini.

Jambo la pili ni picha. Mjenzi mzuri anapenda kuangalia chombo halisi, lakini kupiga picha gari la jeshi, kituo ao msafara kunaweza kukuletea taabu kubwa, zaidi katika jimbo lililowekwa chini ya état de siège tangu 6 Mei 2021. Tumia picha zilizo kwenye intaneti. T-55 ni kati ya vifaru vilivyotengenezwa kwa wingi kuliko vyote duniani, na picha zake ni nyingi. Pia usitembee barabarani usiku na kitu chenye umbo la silaha, hata kama ni kartoni.

Swali la wazazi

Kuna wazazi watakaouliza: baada ya yote tuliyoyaona, kwa nini mtoto ajenge kifaru? Swali hilo ni la haki, na jibu halilazimiki kuwa moja kwa kila nyumba. Mtoto aliyekimbia kijiji, anayeishi leo kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani kama Kigonze, anachora na kujenga alichokiona. Kumnyang'anya kifaru chake hakufuti alichokiona. Kukaa naye na kumuuliza gari hilo linakwenda wapi na nani yuko ndani kunaweza kufungua mdomo uliokuwa umefungwa.

Anayekataa kifaru ana njia nyingine, kwa sababu ufundi ni ule ule. Kipimo cha kizibo kinaweza kujenga lori la barabara ya Bunia–Mahagi, tingatinga la kutengeneza barabara, ambulansi, ao malori ya Force Publique yaliyopita Aba kwenda Juba mwaka 1941, safari iliyofika Saio, Ethiopia, jina lililobaki kwenye kambi ya jeshi ya Bukavu.

Kwa anayetaka kuanza leo, hesabu ni ndogo: vizibo 10, kartoni moja, rula, wembe, kole nyeupe, na mpira wa kwado. Pima mara mbili, kata mara moja, na uache kila kitu kikauke usiku mzima mbele ya rangi.